Maji ya Tatu

"Vuna kabla ya mvua."

Maneno manne kwenye kioo cha Nokia 6600. Bilan Shafi aliyasoma mara moja, akayafuta.

Ilikuwa saa mbili kasorobo asubuhi, Mei 2005, nje kidogo ya mji wa Kitale. Amri ilitoka kwa mkuu wake, Bosi Kemboi, aliyekuwa ofisini Eldoret, na kwa lugha ya Idara yao ya ujasusi ilikuwa na maana moja tu: kilichoibwa kirudishwe kabla hakijavuka mpaka wa Uganda.

Mbele yake banda la mabati lilikuwa wazi, tupu. Kizingitini alikaa Daktari Nasambu Wekoye, kitambaa kimefungwa kichwani, damu imeanza kukauka shingoni. Bilan ndiye aliyevunja kufuli la stoo alimofungiwa.

"Ni Levi," Nasambu alisema. "Levi Mukhisa, fundi wangu mwenyewe. Miaka sita namfundisha, Bilan. Miaka sita! Halafu ananigonga na spana kama mtu anaua nyoka."

"Amechukua nini?"

"Mashine. Na kitabu changu."

Mashine hiyo waliiita Radi Baridi. Haikuchemsha kitu. Ilichukua mizizi mibichi ya mukombero, ule mzizi wa harufu tamu ambao watu wa Bungoma huutafuna wapate nguvu, ikaipiga ndani ya maji kwa umeme wa maelfu ya volti. Kila pigo lilikuwa fupi mno, hata maji hayakuwahi kupata uvuguvugu. Mapigo yale yalitoboa vitundu kwenye chembe za mzizi, na viini vyote vyenye faida vikatoka vyenyewe, vizima, bila kuguswa na moto. Ukichemsha mukombero, nusu ya uzuri wake inapotelea hewani na mvuke. Nasambu alikuwa amepata njia ya kutoupoteza.

Sasa kampuni ya ng'ambo iitwayo Verdanox ilitaka kuisajili njia hiyo kwa jina lake. Ikiwahi, kina mama wa Sirisia waliomchimbia Nasambu mizizi tangu siku ya kwanza watalazimika kuandika barua Ulaya kuomba ruhusa ya kukamua mzizi wa mashamba yao wenyewe.

Hebu fikiria ujuba huo!

"Ombi langu napeleka Ijumaa," Nasambu alisema. "Bila hicho kitabu sina ushahidi. Kila jaribio nililofanya liko mle, na tarehe yake. Mashine naweza kuunda tena. Miaka saba siwezi."

Bilan akavaa helmeti. Chini ya jaketi, bastola yake ya Ceska ilikuwa mahali pake.

"Kaa karibu na simu, Daktari."

Pikipiki yake, Yamaha DT, ikanguruma.

Alishika njia ya mpakani, na kabla ya kufika Kiminini akaona lori. Canter ya bluu, imefunikwa turubai, magunia ya mahindi yamepangwa juu kwa unadhifu uliopita kiasi. Nani hupanga magunia hivyo? Mtu anayeficha kitu, basi. Nyuma ya lori ilifuata Subaru nyeupe yenye vioo vyeusi.

Bilan akakaa mbali. Sikioni alikuwa na kifaa kidogo kama punje ya haragwe, na kifaa hicho kilikuwa kikinasa simu zote za banda la Nasambu, ya Levi ikiwemo, tangu wiki mbili zilizopita.

Kilikoroma. Sauti mbili.

"Bwana Levi." Huyo alikuwa Voss, mtu wa Verdanox. Alikuwa ameishi Arusha miaka mingi, Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha Levi. "Mimi sinunui mbuzi kwenye gunia. Sitavuka na mtambo ambao sijauona ukifanya kazi."

"Utauona, mzee. Si niko na ghala Sirisia, pale kwa kinu cha posho? Stima iko ya kutosha. Na leo ni siku ya soko, mizizi fresh tutapata hapo hapo."

"Mizizi mikavu haitoshi?"

"Hapana bana. Hii kitu inataka mbichi, yenye maji ndani. Kavu haina maana."

"Saa tano. Kisha ninaondoka kupitia Lwakhakha."

Simu ikakatika.

Saa tano, Sirisia. Kutoka hapo hadi mpakani ni mwendo wa dakika chache tu.

Bilan akabonyeza redio. "Mlima, hapa Kunguru. Nimepata shamba. Naomba wavunaji wanne Sirisia, saa nne na nusu."

Ikaja sauti ya Kemboi, nzito, isiyo na raha.

"Kunguru. Acha shamba."

"Rudia."

"Acha shamba, rudi nyumbani. Yule mgeni ana barua. Kuna mkubwa ameiandika, ati ni mwekezaji asisumbuliwe. Sina wavunaji."

Damu ilimpanda Bilan kichwani. Alimwona tena Nasambu pale kizingitini na damu yake shingoni. Mwekezaji! Mwizi akivaa tai siku hizi anabadilishiwa jina.

"Bosi, wewe binafsi unasemaje?"

"Mimi nasema kile nimeambiwa niseme."

"Basi nimekusikia vizuri kabisa. Sirudi."

Akazima redio.

Labda Subaru ilikuwa na masikio yake pia, au labda dereva alichoka kuiona pikipiki ile ile kwenye kioo. Ghafla ikapunguza mwendo. Ikamwachia apite ubavuni. Kisha ikamrukia.

Bati likakwaruza goti lake. Yamaha ikayumba, ikagusa ukingo wa lami, ikarudi. Dirisha la Subaru likateremka, mdomo wa bunduki ukachungulia.

Bilan akakata kushoto.

Kulikuwa na njia ya trekta inayoelekea Ndalu, na baba yake, mzee Shafi, aliendesha lori la nafaka pande hizi miaka ishirini. Mtoto wa dereva wa nafaka huzijua barabara za mahindi. Mvua ya usiku ilikuwa imeigeuza njia kuwa uji mweusi. Pikipiki ilipita ukingoni, juu ya majani, kati ya mahindi yaliyofika magotini.

Subaru ikamfuata kwa hasira. Mita mia. Mia mbili.

Risasi ya kwanza ilikata mahindi. Ya pili ilipiga kioo cha pikipiki.

Bilan akaruka mtaro, akasimama, akageuka. Ceska mkononi, mikono miwili, pumzi imetulia.

Paa!

Tairi la mbele likapasuka. Subaru ikateleza kiubavu, ikatumbukia mtaroni, ikazama hadi milango. Wale wawili ndani walisukuma, wakatukana, wakasukuma tena. Milango haikusogea hata kidogo. Walikaa humo, simu zao zikikosa mtandao, kama mayai kwenye kikapu hadi trekta lilipowatoa alasiri, mikononi mwa polisi.

Bilan alikuwa ameshaondoka.

Sirisia ilikuwa imejaa. Saa nne na robo, kwenye safu ya wauza mizizi, wanawake tisa walikuwa wameketi nyuma ya mabeseni tisa, mizizi ikipita kutoka beseni moja hadi jingine. Wa mwanzo alikuwa Mama Nakhungu, kiongozi wa kikundi kilichomchimbia Nasambu. Bilan alimjua tangu utotoni Bungoma, kwao, nyumba ya tatu kutoka msikitini, ambako Nakhungu alimletea Kadija, mama yake Bilan, mukombero kila Ijumaa.

"Wewe si mtoto ya Kadija?" Nakhungu alimtazama kutoka buti hadi helmeti. "Na matope yote hii umetoka kuzaliwa leo? Kalibu, keti."

"Siketi, mama. Levi amemgonga Daktari. Ameiba mashine na kitabu, na saa tano anakuja kuviuza hapa hapa Sirisia."

Nakhungu hakupiga kelele. Mikono yake iliendelea kuosha mizizi, lakini uso ulikauka.

"Daktari ako hai?"

"Yuko hai."

"Asante Mungu. Na huyo Levi, nimemlisha ugali nyumbani kwangu mimi!" Akaitupa mizizi kwenye beseni la pili, akaiosha tena kwa hasira. Kisha kwenye la tatu.

Bilan akatazama mabeseni yale. "Mama, mbona unaosha mara tatu?"

"Si ni sheria ya Daktari. Maji ya kwanza inatoa udongo. Ya pili inatoa utomvu. Ya tatu lazima iwe ya mvua, safi kabisa, na mizizi inaenda nayo kwa mashine na maji hiyo hiyo. Mwaka wa kwanza tulikuwa hatujui. Tukaleta na maji ya kisima cha kule chini, kile kina chumvi. Wee! Mashine ililia, ikatoa moshi, Daktari akalia pamoja nayo. Maji ikiwa na chumvi, stima inapita yote mara moja, haina breki."

"Levi anajua?"

Mwanamke wa beseni la pili alicheka kwa dharau. Nakhungu naye akacheka, ingawa macho yalikuwa na machozi.

"Levi ajue kuosha? Alikuja kazi mwaka wa pili. Kazi yake ni kubonyeza. Beseni ikifika anamwaga ndani, anabonyeza. Hata kikombe yake ya chai ni sisi tulikuwa tunaosha!"

"Na kwenye kitabu?"

"Kitabu ni ya mambo ya mashine. Kuosha nani aandike? Kila mtu anajua."

Kila mtu, isipokuwa yule aliyeuza na yule aliyenunua.

Bilan akageuza kichwa. Upande wa pili wa njia, bibi mmoja alikuwa amepanga chupa za musherekha, ile chumvi ya kienyeji, maji ya rangi ya chai yanayochujwa kwenye majivu ya maganda ya maharagwe. Hakuna mrenda, ile mboga ya kuteleza, Bungoma nzima unaopikwa bila hayo. Na hakuna maji makali kuliko hayo.

Alipiga simu Kitale.

"Daktari, musherekha ikiingia kwenye tangi?"

Upande wa pili Nasambu alivuta kiti, akaketi.

"Itakufa," alisema. "Swichi, kapasita, kila kitu. Haitafufuka."

"Nimemsikia Levi kwenye simu: mle ghalani wana bunduki mbili, na mimi niko peke yangu. Nikiingia kwa nguvu, Voss atatoroka na kitabu. Nahitaji kishindo cha kuwapumbaza."

"Bilan, hiyo mashine niliifunga waya kwa waya. Kila waya naujua. Iue. Afadhali ife mikononi mwetu kuliko iishi kwao. Niletee kitabu."

Bilan alishusha simu. Nakhungu alikuwa amesikia. Aliinuka, akavuka njia, akainua chupa mbili kila mkono. Wanawake wanane waliinuka nyuma yake bila kuulizwa. Maji yote, hata yale ya tatu, yalimwagwa chini, mabeseni yote tisa yakajazwa musherekha, na mizizi ikarudishwa ndani.

"Leo mtapika mrenda na nini?" yule bibi wa chupa aliuliza.

"Leo tutakula kavu," Nakhungu akamjibu.

Mlinzi wa Voss alifika saa tano kasoro dakika kumi. Alipita kwenye safu akinusa, akachagua mabeseni mawili ya mbele.

"Leteni kwa kinu. Haraka!"

Wanawake wawili waliyainua. Mmoja alikuwa na leso mpya iliyoshushwa hadi kwenye nyusi, gamubuti za kuazima, na Ceska kiunoni.

Ghala lilinuka unga. Kinu cha posho kilikuwa kimezimwa, na nyaya zake nene zilikuwa zimeunganishwa na Radi Baridi: kabati la chuma, tangi la kioo, sahani mbili za chuma ndani yake. Voss alisimama pembeni, shati limepigwa pasi, mkoba wa ngozi mkononi. Kitabu cha Nasambu, chenye jalada la kijani, kilikuwa kikichungulia kutoka kwenye mkoba. Walinzi wawili, bunduki mbili.

Levi alipokea beseni la kwanza bila kumtazama aliyelibeba. Ndivyo alivyokuwa siku zote. Kwake, wanawake wa mabeseni hawakuwa na nyuso.

"Tazama sasa, mzee." Akamwaga mizizi na maji yake yote tangini. "Hakuna moto, hakuna moshi. Utaona rangi inatoka yenyewe, na ukitia mkono maji ni baridi."

"Kiasi gani cha umeme?"

"Kilovolti ishirini. Iko kwa kitabu."

"Kitabu kinasema kila kitu?"

"Kila kitu."

Mwanamke wa pili aliweka mkono wake begani mwa Bilan, akauondoa, akatoka nje taratibu. Bilan alibaki, beseni lake kichwani, akihesabu kimoyomoyo.

Levi akabonyeza.

Mwanga wa bluu ulijaa ghala. Kishindo chake kilitikisa mabati. Tangi likapasuka, kabati likatema moto, na umeme wa jengo zima ukakatika.

Giza la ghafla. Moshi. Levi akipiga mayowe, "Haiwezekani! Haiwezekani!"

Bilan alimwaga beseni lake usoni mwa mlinzi wa kwanza. Musherekha ikiingia machoni, hutaki tena bunduki wala dunia. Alianguka akikwaruza uso. Wa pili alianza kugeuka. Ceska ilikuwa tayari imefika kwenye sikio lake.

"Weka chini, kaka. Polepole."

Akaiweka, na Bilan akazichukua bunduki zote mbili.

Lakini Voss hakuwa mjinga. Alikuwa mlangoni, kisha nje, mkoba kifuani, akikimbilia gari lake, Prado iliyoegeshwa nje ya ghala. Injini ikawaka.

Haikwenda popote. Mbele ya bampa walikuwa wameketi wale wanawake tisa, juu ya mabeseni yaliyopinduliwa, miguu imenyooshwa. Nyuma walikuwa wauza vitunguu na bibi wa chupa. Voss akapiga honi. Nakhungu, aliyekuwa katikati, akatoa kipande cha mukombero akaanza kutafuna.

Bilan alifungua mlango wa gari.

"Kitabu."

"Binti, nina barua ya wakubwa wako." Voss aliitoa. "Soma sahihi hiyo. Kesho hutakuwa na kazi."

"Isome wewe, kwa sauti, hawa mama wasikie. Isome wajue ni nani amewauza."

Voss aliwatazama wanawake. Akaishusha barua mapajani.

"Mtambo wenyewe ni takataka," alisema kwa chuki. "Umelipuka. Mmetengeneza takataka."

"Mashine haina shida, bwana," Nakhungu akamjibu. "Ni kuosha hujui."

Bilan alichukua kitabu cha kijani. Kisha alichukua na barua, akaikunja vizuri, akaitia mfukoni, maana jina la mkubwa yule lilikuwa limeandikwa humo kwa wino. Pingu moja ilimtosha Voss na Levi pamoja, mkono kwa mkono. Levi alikuwa amekaa chini mlangoni pa ghala, nyusi zimeungua, bado akiuliza kila mtu ni nini kimetokea.

Hakuna aliyemweleza.

Bilan aliwasha redio polisi wa Sirisia walipofika.

"Mlima, hapa Kunguru. Mavuno yako ghalani. Na nimepata barua yenye jina la mkubwa wako juu yake."

Kemboi alicheka, kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo.

"Kunguru, asubuhi redio ilikuwa mbaya sana huku. Sikumbuki nilikuambia nini. Niletee hiyo barua mkono kwa mkono."

"Sawa, bosi. Sasa narudi nyumbani."

Saa tisa alasiri, Kitale. Nasambu alipokea kitabu kwa mikono miwili, akakibana kifuani. Hakuuliza habari za mashine. Bilan aliweka mezani swichi iliyoungua, nyeusi kama mkaa, na Nasambu akailaza kiganjani na kulia kwa sauti, bila haya, kama mtu anavyomlilia mtu wake.

Alipomaliza alijifuta uso, akafungua ukurasa wa mwisho usio na maandishi.

"Miaka saba," alisema, "na sikuliandika lile la muhimu."

Akaandika. Maji ya kwanza, kutoa udongo. Maji ya pili, kutoa utomvu. Maji ya tatu, ya mvua. Chini yake akaandika majina ya wagunduzi, akianza na Nakhungu, wanawake tisa wa Sirisia, mmoja mmoja. Jina lake mwenyewe aliliweka la kumi.

"Ijumaa utapeleka?" Bilan aliuliza.

"Nitapeleka, na Nakhungu atakuja na mimi. Wakiuliza mashine iko wapi, tutawaambia tuliiua wenyewe, na tunaunda nyingine."

Bilan alitoka nje. Mfukoni alikuwa na mzizi wa mukombero aliopewa na Nakhungu, bado una matope. Alisimama kando ya pipa la maji ya mvua lililo chini ya paa la banda, akauosha mara moja, mara mbili, mara tatu. Kisha akautia mdomoni, akapanda Yamaha isiyo na kioo, akaondoka akitafuna.